Tepu Nyeusi Juu ya Taa

Mtaa wa mafundi una chumba kimoja chembamba, kati ya duka la miwani na kibanda cha mchonga funguo, ambacho mlango wake haufunguki wote kwa sababu meza imeuzuia. Mteja huingia ubavu ubavu, amebana tumbo, na akishaingia anamkuta mwanamke wa makamo mwenye jozi mbili za miwani usoni, moja ya kuonea na nyingine ya kukuzia, ameinamia kamera iliyopasuliwa matumbo nje. Mtaa mzima unamwita Bisibisi. Jina lilianza kama utani wa mchonga funguo, likamganda, na sasa hata watoto wa ndugu zake humwita Shangazi Bisibisi.

Kazi yake ni kamera kubwa za video, zile za kubebwa begani. Simu hagusi, na ukimletea anakuonyesha mlango kwa kidevu. Humjia lenzi zilizoota ukungu, pete za kuvutia picha zilizokula mchanga, matundu ya sauti yaliyolegea hadi msemaji anasikika kama yuko ndani ya ndoo. Na kila mteja huja na uongo wake. Huyu anaapa kwamba kamera ilizima yenyewe tu, huku inanuka soda ya machungwa. Yule anasema hajui ufa umetoka wapi, na ufa wenyewe una udongo wa ngazi za nyumbani kwake. Bisibisi huwaacha wamalize, ndipo anafungua. Kwa uongo wa kamera ana pua kali, na aliipata kwa gharama.

Zamani hakuwa fundi. Alikuwa mpiga picha wa kituo cha televisheni, mwanamke wa kwanza kubeba kamera begani pale kituoni, na aliyemwombea nafasi ile alikuwa kaka yake wa tumbo moja, aliyekuwa karani katika ofisi ya utumishi. Kaka alimdhamini kwa mdomo wake mbele ya wakubwa. Siku mkuu wa nchi alipoapishwa, Bisibisi akapewa kamera ya mbele kabisa, inayorusha picha moja kwa moja. Mambo yalikwenda vizuri hadi jua lilipokolea na kamera ikapata joto. Mkono wa kiapo ulipoinuliwa tu, picha ikaingia mistari ya zambarau, ikatetemeka, ikafa. Nchi nzima ikabaki imekodolea macho kioo cheusi, na aliyekuwa ameshika kamera ni yeye.

Pale kituoni ni mtu mmoja tu aliyeruhusiwa kufungua kamera, naye ni Fundi Mkuu. Ndiye aliyemfundisha Bisibisi kazi, na alikuwa mwalimu mzuri, hilo lazima lisemwe hata kama linawasha ulimi. Fundi Mkuu akaingia na ile kamera karakanani, akajifungia, akatoka anatikisa kichwa kwa huzuni ya kuazima. Akaliambia baraza la kituo kwamba kamera imeanguka, binti kaiangusha na anaona haya kusema. Bisibisi akala yamini kwamba haikugusa chini hata mara moja. Akamtazama kaka yake, aliyekuwa amekaa kama karani pembeni ya meza ya baraza, akingoja neno lake. Kaka akainamia vidole vyake.

Walimfukuza siku hiyo hiyo. Getini kaka yake akamfuata, na aliyomwambia hayakuzidi pumzi moja, kwamba amemwaibisha. Tangu hapo kaka hakukanyaga kwake. Kwenye shughuli za ukoo alikaa upande wa pili wa ukumbi, na akiwa na la kumwambia alimtuma mkewe. Kazi Bisibisi aliimeza, kazi ni kazi, zinakuja na kuondoka. Hili la kaka ndilo lililomkaa kooni. Alijifunza ufundi kwa hasira, akinunua kamera mbovu na kuzifungua moja baada ya nyingine ili ajue ni kitu gani kinachoweza kuleta mistari ya zambarau kwenye kamera ambayo haijaanguka. Aliapa kwamba ipo siku Fundi Mkuu ataisema kweli kwa kinywa chake mwenyewe, na kaka ataisikia. Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango, alikumbuka kiapo hicho kama mtu anayekumbuka dawa yake.

Basi asubuhi moja aliyeingia ubavu ubavu alikuwa Fundi Mkuu.

Siku hizi hakuwa fundi tena. Alikuwa mkurugenzi wa kituo kizima, mwenye dereva na kitambi kilichopata shida na ule mlango, lakini kichwani mwa Bisibisi alibaki Fundi Mkuu. Alikumbatia kamera kuukuu kama mtoto mgonjwa. Akasalimia kwa furaha, akamwita binti yangu, akasifu chumba, akaketi kwenye kiti pekee cha wateja bila kukaribishwa. Shida yake ilikuwa hivi. Wiki ijayo alikuwa anastaafu, na kituo kinamfanyia karamu kubwa ya kumuaga. Ameona apigwe picha siku hiyo kwa kamera aliyoinunulia kituo yeye mwenyewe enzi zake za karakana, nayo iunganishwe na skrini ya ukumbini ili wageni wamwone mkubwa. Vijana wake karakanani wameitazama wakasema itupwe. Kuna mtu akamtajia Bisibisi.

"Ikipata joto inaleta mistari," akasema.

"Ya rangi gani?"

"Zambarau."

Alilitamka bila kupepesa macho, kama anavyotaja mtu rangi ya shati. Hakukumbuka, au alijitia hamnazo. Bisibisi akaipokea kamera. Alikwisha kuitambua kamera tangu mlangoni, kwa ule mkwaruzo ulio chini ya mpini, alioutia yeye mwenyewe kwa pete ya mkononi. Akasema ataitengeneza. Fundi Mkuu akamwomba, kwa ukarimu wake, aje pia kuishika siku ya shughuli, ili nao wenzake waone kwamba yeye si mtu wa kuweka vinyongo.

Alipotoka, Bisibisi akafunga mlango, akawasha taa ya mezani. Kila skrubu ya kamera ile ilikuwa na tone la rangi ya kijani kichwani. Hayo yalikuwa mazoea ya Fundi Mkuu: akimaliza kufunga hudondoshea rangi yake, ili mtu mwingine akifungua ajulikane. Matone yote yalikuwa mazima. Tangu Fundi Mkuu alipoifunga mara ya mwisho, hakuna aliyeifungua.

Ndani, nyuma ya sehemu inayopokea picha, kuna waya bapa mwembamba kama karatasi, na juu yake kuna kifuniko cha bati chenye skrubu nne. Tatu ni ndefu. Ya nne lazima iwe fupi, maana inaishia kucha moja tu juu ya ule waya. Fundi mwenye haraka akizichanganya, akatia ndefu kwenye tundu la fupi, ncha inauma waya. Kamera ikiwa baridi itafanya kazi kama kawaida. Ikipata joto, chuma kinatanuka, ncha inagusa shaba, na picha inaingia mistari. Bisibisi aliinua kifuniko kwa kibano. Kwenye waya kulikuwa na kidonda cha mviringo, chenye alama za meno ya skrubu zinazohesabika, na juu yake kiraka kilichochomelewa kwa ustadi. Kiraka kilikuwa kimezeeka na kuanza kuachia, ndiyo maana mistari imerudi.

Aliketi pale akakitazama kidonda kile mpaka chai yake ikaota utando. Halafu akalia kidogo, kwa hasira kuliko huzuni, akapenga kamasi, akaanza kazi.

Akaufunga waya mpya, aliouchomoa kwenye kamera iliyokufa. Na hapo shetani akapita. Mkononi alikuwa na skrubu ndefu, na tundu la fupi lilikuwa wazi mbele yake. Karamu ingeanza, taa za ukumbi zingeitia kamera joto, na Fundi Mkuu akiwa katikati ya hotuba yake angeliwa na mistari ya zambarau mbele za watu. Bisibisi aliitia skrubu ile, akaizungusha mara moja, akafurahi. Kisha akaitoa. Picha ikizima watu watamwonea mzee huruma, wataguna, watampigia makofi, na yeye ndiye atakayeitwa mwenye mkosi kwa mara ya pili. Alichotaka yeye kilikuwa sauti, tena sauti ya mtu yule.

Akampigia simu siku iliyofuata, kwa adabu zote. Akamweleza kwamba kamera imepona lakini inahitaji kujaribiwa ikiwa na joto mbele ya uso wa mtu, maana rangi ikianza kuharibika huonekana kwanza kwenye ngozi. Uso wenyewe utakaopigwa ni wake, kwa hiyo aje yeye.

Kabla hajafika, Bisibisi alikata kipande cha tepu nyeusi akakibandika juu ya taa ndogo nyekundu iliyo mbele ya kamera, ile inayowaka kamera ikiwa inarekodi. Hilo alifundishwa na Fundi Mkuu mwenyewe, wiki yake ya kwanza kazini. Mtu akiona taa nyekundu ulimi unakufa, alikuwa akiwaambia wanafunzi wake. Izibe, mwache asahau, naye atakuimbia. Wapiga picha wote wa kituo kile walitembea na kipande cha tepu nyeusi kwenye mpini. Lakini mzee alikuwa ofisini muda mrefu mno, amezoea kukaa upande wa pili wa lenzi, na upande ule watu wote hutazama taa.

Alikuja, akaketi, akaitazama taa. Akauliza kama kamera bado haijawashwa. Bisibisi akajibu kwamba inapata joto.

Akamchukulia ule waya wa zamani, akauweka chini ya taa ya mezani, akamvisha mzee kilemba cha ukoka. Akasema katika miaka yake yote ya ufundi hajaona kiraka kilichochomelewa vizuri namna ile. Akasema vijana wa sasa hawana mkono huo. Akasema angependa kumjua fundi aliyekifanya, amshike mkono. Mzee akaenea kwenye kiti.

"Mkono wenyewe ndio huu hapa," akasema, akauonyesha.

"Na kidonda kilitokana na nini?"

Akacheka, kile kicheko cha mtu mwenye kisa kizuri ambacho hajapata wa kumsimulia. "Skrubu ndefu. Nilikuwa na haraka, nasafisha kamera zote kwa ajili ya kiapo. Kosa la kitoto kabisa. Nililijua nilipoinua tu kifuniko."

"Na mimi ukasema niliiangusha."

Kicheko kikapungua, lakini hakikuisha. Akaitupia jicho taa, akaiona nyeusi, akatulia. "Binti yangu, mmoja ilibidi aondoke. Mimi nilikuwa na watoto shule, na karakana nzima juu ya kichwa changu. Wewe hukuwa hata na mume. Hata watu wako walilielewa hilo. Na tazama, sasa una duka lako. Ungelipata wapi?"

Bisibisi akasogea kwenye kamera. Akainama kwenye kidirisha cha kutazamia, akaona uso ule, mwekundu kidogo kwa joto, wazi, hauna mstari hata mmoja. Akamwambia kamera iko salama, atamletea mwenyewe ukumbini.

Akaitoa kadi, akaiweka kwenye mfuko wa blauzi, upande wa moyo. Akatia kadi nyingine, akabonyeza kitufe kwa mazoea, akaiacha kamera iendelee kujichemsha pale kwenye stendi, maana kazi ni kazi, na aliahidi kuijaribu kutwa nzima. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka minane. Akampigia kaka yake. Akamwambia aje mara moja, ameupata ukweli.

Kaka yake alikuja na suti. Alipita mlangoni kwa shida ya mtu anayeogopa kuchafuka, akaketi kwenye kiti kile kile, akatazama huku na huku kama aliyepelekwa kituo cha polisi. Bisibisi hakumpa hata maji. Akaitia kadi kwenye kompyuta, akaigeuza imwelekee, akasimama nyuma yake ili auone mgongo wake utakavyolainika. Kwa muda mrefu alikuwa ameufikiria mgongo huo. Alishapanga hata atakavyojibu kaka akiomba msamaha: kwanza atamsumbua kidogo, ndipo amkubalie.

Fundi Mkuu akasema yake yote kwenye kioo, mpaka mwisho. Mgongo haukulainika.

"Nani mwingine ameiona hii?" kaka akauliza.

"Hakuna. Nimekuita wewe kwanza."

"Vizuri." Akavuta pumzi. "Ifute."

Bisibisi alidhani hakusikia vizuri, akamuuliza kama ameelewa alichokitazama. Kaka akajibu bila kugeuka, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubeba kitu.

"Nilijua. Alikuja kwangu kabla baraza halijakaa, na skrubu yenyewe mkononi. Mkuu wa utumishi alikuwa anaondoka, kiti kinatafuta mtu. Fundi akasema nikinyamaza atanipendekeza. Ningefanyaje? Ningebisha tungeondoka wote wawili. Wewe una mikono, nilijua hutalala njaa. Mimi nina nini zaidi ya kile kiti?" Akasimama, akakung'uta suruali. "Wiki ijayo akiondoka, nakaa pale mimi. Watatangaza kwenye karamu yenyewe. Ifute, mdogo wangu, tuanze upya."

Ndipo yale maneno ya mzee yakamrudia, kwamba hata watu wake walilielewa. Kumbe alikuwa ameambiwa na hakusikia. Miaka yote ile alikuwa ameona haya mbele ya mtu aliyemuuza. Alikuwa amekaa pembeni kwenye harusi za ukoo ili asimwaibishe. Hasira aliyokuwa nayo kwa Fundi Mkuu ikaonekana kama mchezo wa watoto mbele ya hii iliyokuja sasa.

"Sawa, Kaka," akasema.

Kaka akambusu kwenye paji la uso, akatoka.

Bisibisi akabaki amesimama na lile busu, akitamani kulifuta. Akaigeukia kamera ili aizime, na mkono wake ukasimama njiani. Kamera ilikuwa imekielekea kiti cha wateja tangu asubuhi. Akaishika ncha ya tepu nyeusi, akaibandua polepole. Chini yake taa ndogo ilikuwa inawaka nyekundu.

Hakuwa amepanga hilo. Lakini tangu alipoliona, hakuwa na shaka hata chembe juu ya atakalofanya, na wiki ile alilala vizuri kama mtu aliyepona homa.

Ukumbi ulikuwa umejaa: wafanyakazi wa kituo, wake na waume zao, wakubwa wa vituo vingine. Fundi Mkuu alikaa katikati ya meza ya mbele, na kaka kulia kwake. Bisibisi alisimamisha kamera katikati ya ukumbi, akaunganisha waya wa picha na skrini, na wa sauti na spika, na watu wakamshangilia mzee alipoibuka pale ukutani mkubwa kama nyumba. Hakuibandika tepu. Kadi zote mbili zilikuwa ndani ya kamera, kila moja kwenye tundu lake.

Akawaacha waseme. Kaka akatangazwa kuwa mkurugenzi mpya, akasimama, akaeleza jinsi alivyofundishwa uaminifu na mzee huyu. Akapigiwa makofi. Makofi yalipoanza kupungua, Bisibisi akabonyeza.

Skrini ikaonyesha chumba chembamba na mzee yule yule, ameenea kwenye kiti, anauonyesha mkono wake. Watu wakacheka, wakidhani ni sehemu ya burudani. Walipofika kwenye skrubu ndefu, mafundi wa kituo waliacha kucheka kabla ya wengine. Walipofika kwenye yale maneno "wewe hukuwa hata na mume", hakukuwa na kijiko kilichogusa sahani. Na kabla mtu hajapata la kusema, kiti kile kile kikakaliwa na suti, na sauti ya mkurugenzi mpya ikasikika kila kona ya ukumbi ikisema kwamba alijua.

Ilipokwisha, Bisibisi hakuzima. Alibonyeza tena, kamera ikarudi kwenye kuona, na ukutani zikatokea nyuso mbili za meza ya mbele kama zilivyokuwa dakika ile. Fundi Mkuu alifungua kinywa. Akaiona taa nyekundu. Akakifunga.

Kaka ndiye aliyeinuka. Alipita katikati ya meza zilizonyamaza, na kamera ikamfuata hatua kwa hatua, hadi akasimama mbele ya lenzi karibu kabisa, macho yamemjaa maji.

"Zima," akasema. "Zima, mdogo wangu, nakuomba."

Bisibisi hakutoa jicho kwenye kidirisha. Akazungusha pete, akamvuta karibu zaidi, hadi uso wake ukajaza ukuta mzima. Taa za ukumbi zilikuwa kali, na bati la kamera lilikwisha kuwa la moto shavuni mwake. Akangoja mistari. Haikuja.